Mafuta ya Nani?

Majengo, Pumwani
14 Juni 2025

Mwanangu Kawsar,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Juni imeingia na kila nyumba inanuka jiko la makaa. Baba yako Abdiqadir ni mzima. Duka lake la kanzu lilichangamka kabla ya Idi, sasa limelala tena, na yeye analala humo ndani kwenye kiti mpaka wateja wanamwonea haya kumwamsha. Jirani yangu Hodo anakusalimu sana. Amepata mjukuu wa kike mwenye sauti ya kupigia mnada, na ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo huyo mjukuu ni wangu pia.

Uliniomba nikuandikie kwa mkono kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Ni kweli. Baba yako akikupigia simu ili niongee nawe, sauti anaifungua sebule nzima isikie, hata mgeni aliyekuja kununua kofia. Ukiniuliza mguu vipi, unataka niseme nini mbele ya mgeni wa kofia? Nasema mzima. Basi tukubaliane kwamba mambo ya mguu ni ya barua. Karani wa posta alicheka nilipomwomba stempu, akaniuliza kama naandikia serikali.

Mguu si mzima, mwanangu. Kidonda kiko palepale, juu ya kifundo cha kushoto upande wa ndani, na huu ni mwaka wa nne. Kilianza kama sarafu, na leo nikiweka kiganja hakifuniki chote. Hospitali wanakiita kidonda sugu. Sisi tunakiita donda ndugu, na wallahi limekuwa ndugu, linataka kiti chake, linataka kubadilishwa nguo kila siku, na nikienda kwa watu linatangulia kwa harufu. Wanasema ni mishipa, imechoka kupandisha damu kwa sababu ya kusimama. Nani kama mimi kwa kusimama? Nimesimama mbele ya masufuria ya harusi tangu baba yako hajaota ndevu. Niambie ni harusi gani Majengo hii sikuipikia biriani. Sasa wananiambia, "Pumzika, Shamis," wanapika wenyewe, wali unatoka kama bokoboko, nami nakula nanyamaza.

Sasa nililotaka kukuuliza. Pale kliniki kuna muuguzi anaitwa Triza, mtoto wa Kayole, ana mikono mepesi. Huniita Shosh, kama bibi yake. Juzi akinifunga bendeji akaniambia, "Shosh, kuna daktari anatafuta watu wako na vidonda kama yako. Ni utafiti, wanatumia stem cell. Si uingie? Huna cha kupoteza." Nikamuuliza hizo ni nini kwa Kiswahili, akasema ni seli. Nikamwambia seli ninayoijua mimi ni ile ya polisi, na sina haja nayo. Alicheka mpaka akaangusha makasi.

Lakini nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba wewe huko kazi yako ni hizo hizo seli. Nieleze kwa lugha ya mtu.

Ni mimi shangazi yako anayekuombea,
Shamis

*

Kuala Lumpur
9 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya kupikia kwenye kona, nikainusa kabla ya kuisoma. Mimi ni mzima. Mvua hapa inanyesha kila alasiri kwa saa yake, kama mtu aliyeajiriwa. Mwenzangu wa chumba anapika wali wa nazi asubuhi na kuula na dagaa wa pilipili. Ungempenda, ingawa ungemwambia chumvi imezidi.

Shangazi, nianze na lile ambalo hukuliandika. Baba amenieleza kwamba hospitali ya kwanza walizungumzia kukata mguu. Ulijaza kurasa mbili, ukaniambia mpaka habari za karani wa posta, na neno hilo hukulitaja. Nililia kazini, msimamizi wangu akadhani nimeharibu sampuli.

Sasa nikueleze. Mwili una seli za kawaida, kila moja na kazi yake, na una seli nyingine chache zinazoitwa seli shina. Hizi hazijaingia kazini moja kwa moja, zinangoja panapohitajika mtu. Zikifika kwenye kidonda, zinaziita nyingine, zinatuliza uvimbe, zinasaidia mishipa midogo ya damu kuota upya. Watu walikuwa wakizitafuta ndani ya mifupa, tabu tupu. Baadaye ikaonekana kwamba mafuta yanazo nyingi na kuyapata ni rahisi. Mafuta ya tumbo ndiyo mazuri zaidi. Yanachukuliwa kidogo, yanasafishwa vizuri, na kinachopatikana kinawekwa kwenye kidonda. Mimi hapa kazi yangu ni kuzilea tu: nazilisha, nazibadilishia maji yake, nazitazama kwa darubini zikikua.

Utafiti ni utafiti. Kuna waliopona na kuna ambao hawakupona, na anayekuahidi uponyaji mkimbie. Lakini kama daktari huyo anafanya kwa utaratibu, na karatasi zake za ruhusa zipo, basi ingia. Nakuomba uingie.

Nisalimie Hodo na huyo mjukuu wa mnada.

Mwanao,
Kawsar

*

Majengo, Pumwani
11 Agosti 2025

Kawsar,

Waalaykum salaam. Tuko wazima, wote isipokuwa mmoja, na kosa ni lako.

Barua yako nilimsomea Hodo, ingawa miwani yangu imelegea, kwa sababu yeye ana masikio. Tulipofika kwenye mafuta akaninyamazisha. "Hebu rudia." Nikarudia. Mafuta ya tumbo, yanasafishwa, yanawekwa kwenye kidonda. Hodo akapiga paja. "Abaayo, dada yangu, hiyo ndio wamesoma miaka yote? Hiyo sisi tunajua! Lakini mafuta ya tumbo ni ya nini? Ya mkia ndio dawa."

Kesho yake alikwenda Eastleigh kwa muuza nyama wake, akarudi na mkia wa kondoo uliojaa karai. Tukaukata, tukauyeyusha polepole, tukachuja kwa shashi mara mbili. Usidhani hatukufuata maagizo, uliandika yasafishwe vizuri na yalisafishwa mpaka ungejiona ndani yake kama kioo. Yalipopoa nikapaka, nikafunga kitambaa, nikalala na roho yangu nyeupe. Siku ya pili mguu ulikuwa na joto. Siku ya tatu ulikuwa umevimba mpaka goti, na paka wote wa Majengo walikuwa mlangoni kwangu.

Na hiyo siku ya tatu ndiyo niliyopangiwa kuonana na daktari wa utafiti. Anaitwa Chege, kijana mpole, mrefu, anainama akiongea nawe. Triza alipofungua kitambaa, daktari alivuta hewa, akamtazama Triza, Triza akatazama dirisha. "Mama," akasema, "samahani, mbona nasikia harufu kama ya nyama choma?"

Nikamwambia kwa utulivu kwamba nimeanza dawa nyumbani kulingana na maelezo ya binti yangu aliye Malaysia, mtaalamu wa maabara. Ndiyo, nilikutaja kwa jina.

Daktari Chege alikaa chini. Akaniuliza ni mafuta gani. Nikasema ya kondoo, halali, kachinjwa vizuri. Nikaona nami nimuulize lile lililokuwa likinikaba tangu nilipopokea barua yako: "Na nyinyi hapa, daktari, mnatumia mafuta ya nani? Kama ni ya nguruwe niambie mapema niende zangu."

Akasema, "Ya kwako, mama."

"Yangu yapi?"

Akaonyesha tumbo langu kwa kalamu, kwa heshima. Kawsar, wewe mtoto! Kurasa zote zile, seli zinafanya hivi, seli zinaita vile, na hukuona haja ya kuandika mafuta ni ya nani?

Nimepewa dawa za kuua vijidudu na ninasafishwa kidonda mara kwa mara. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kidonda kikiwa na maambukizi hawezi kuniingiza. Nafasi yangu ataishikilia kwa muda, lakini ina mwisho, wengine wanangoja. Nikamuuliza nikikosa nafasi inakuwaje. Akasema tutarudi kwa madaktari wa upasuaji tuzungumze nao habari ya kukata. Sasa umeliona neno ulilolitaka, nimeliandika.

Hodo haji kwangu. Analia nyumbani kwake, namsikia ukutani.

Mchumba wako Abdiwali, mwalimu wetu, vipi? Mmefika wapi na mipango ya harusi?

Shangazi yako,
Shamis

*

Kuala Lumpur
4 Septemba 2025

Shangazi,

Nimecheka kwa kosa langu mpaka nikaona aibu, halafu nikaogopa sana. Nisamehe. Hapa tukisema mafuta kila mtu anajua ni ya mgonjwa mwenyewe, nikasahau kwamba nje ya mlango huu mafuta ni ya kondoo, ni ya kupikia, ni ya nywele.

Meza dawa zote hata ukijisikia vizuri. Usipake chochote, hata asali, hata kama maalim mwenyewe ameisomea. Hodo mwambie mimi ndiye niliyekosea, na umkaribishe chai.

Abdiwali hajambo, anakusalimu.

Mwanao,
Kawsar

*

Majengo, Pumwani
12 Oktoba 2025

Kawsar mwanangu,

Assalamu alaykum. Baba yako ana mafua na anataka watu wote wajue. Hodo amerudi, nilimtumia chai na maneno yako, akaja na sahani ya sambusa, tukala bila kutajiana kondoo. Mtoto ameanza kukaa.

Maambukizi yamekwisha. Triza aliponitazama mguu akaimba, wallahi, akaimba, "Shosh umeiva!" Na juzi wakachukua mafuta.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa maalim wetu kuuliza kama inafaa, maana sikutaka kufanya jambo gizani. Akaniuliza, "Mafuta ya nani?" Nikamwambia yangu. "Yanakwenda wapi?" Mguuni kwangu. Akasema, "Basi, Bi Shamis, muombe ruhusa mwenye nayo." Nimekaa na furaha ya jibu hilo mpaka leo.

Walinichoma sindano ya ganzi tumboni, daktari akaingiza mrija mwembamba, akawa anauendesha mbele na nyuma kama mtu anayetafuta shanga chini ya kabati. Haikuuma, ilikuwa ni kusukumwasukumwa tu. Niligeuza kichwa nikaona chupa inajaa kitu cha manjano, cha rangi ya samli ya biriani. Nikamwambia, "Daktari, unajua hilo tumbo limejengwa na nini? Hayo ni masufuria yangu. Kila harusi lazima nionje chumvi." Akasema, "Basi leo harusi hizo zimekuja kukulipa mguu." Kijana ana maneno. Nilikuwa nimelichukia tumbo hili kwa miaka kwa sababu leso hazifiki mbele. Siku ile nililipapasa nikaliambia ahsante.

Sasa seli zangu ziko maabara zinalelewa, wiki kadhaa, kama unavyofanya wewe. Nikiwaza zinalishwa na mtoto wa mtu kama wewe, mwenye buibui na koti jeupe, moyo unatulia.

Sasa tuje kwako. Nilikuuliza mmefika wapi na mipango, ukanijibu "hajambo, anakusalimu". Mimi si mgeni wa kofia, Kawsar. Jana nimekutana na Bi Falis, mama yake Abdiwali, pale kwa muuza mboga. Nikamwambia, mbona nyie mmenyamaza, mahari imepokelewa tangu mwaka jana, mnangoja nini? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Tunangoja mguu wako, Shamis. Bibi harusi amesema mpaka upone."

Nilishika nyanya nikasahau kama nanunua au narudisha. Umewasimamisha watu wazima mwaka mzima kwa ajili ya kifundo changu? Na kikikatwa? Utazeekea huko na darubini? Nimekasirika na sijui nikufanyie nini kwa umbali huo. Kama ungekuwa hapa ningekufinya.

Nijibu, na usiniandikie mvua.

Shamis

*

Kuala Lumpur
10 Novemba 2025

Shangazi,

Siandiki mvua.

Mama alipofariki nilikuwa mdogo, na watu walipojaa nyumbani kila mmoja alinishika kichwa na kuniambia maskini. Wewe hukusema maskini. Ulinipa mwiko ukaniambia nisimame karibu nawe nikoroge vitunguu visiungue. Nililia nikasingizia vitunguu, na wewe ukakubali kwamba ni vitunguu. Tangu siku hiyo, harusi yangu nikiiwaza, simuoni bwana harusi. Nakuona wewe nyuma ya sufuria, umefunga leso kiunoni, unamgombeza mtu kwa sababu ya moto.

Sitaki biriani ya mtu mwingine. Nimemwambia Abdiwali, akanielewa. Mama yake nilimwomba asikuambie kwa sababu nilijua ungefanya hivi unavyofanya, ungesema uko mzima, ungesimama juu ya mguu mbovu siku mbili mfululizo, halafu tukupeleke hospitali mimi nikiwa na hina mikononi. Nakujua.

Kwa hiyo finya, nikija. Seli zimewekwa? Umejisikiaje? Niandikie upesi.

Kawsar wako

*

Kuala Lumpur
28 Desemba 2025

Shangazi yangu,

Sijapata barua. Baba kwenye simu anasema uko mzima, na mimi neno hilo siliamini tena kutoka kwa mtu yeyote wa ukoo huu. Hata kama habari si nzuri, niandikie. Mstari mmoja unatosha.

Kawsar

*

Majengo, Pumwani
1 Februari 2026

Kawsar mwanangu, kipande cha ini langu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Barua zako mbili ziko hapa chini ya mto wangu. Ile ya Novemba niliisoma peke yangu bila Hodo, mlango nimeufunga. Nilijua siku ile kwamba si vitunguu. Nami sikulia kwa vitunguu.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika. Seli waliniwekea mwezi wa kumi na moja, sindano ndogondogo kuzunguka kidonda, zile ziliuma sikufichi. Halafu wakafunga bendeji ya kubana, wakaniambia nenda ukangoje. Wiki zikapita, Triza anafungua anafunga, kidonda kinanitazama vilevile. Ningekuandikia nini? Kwamba nina matumaini? Ungepanga tarehe. Kwamba sina? Ungefuta. Nikanyamaza.

Karibu na mwisho wa Desemba Triza akafungua, akatoka kumwita daktari. Nikasema basi, yamekwisha. Daktari Chege akainama na taa yake, akaniita nitazame. Pembezoni palikuwa pameingia kitu cha waridi, chembamba kama ngozi ya juu ya maziwa. Kila wiki kikawa kinasogea ndani, kidogo kidogo, kama watu wanaokaribiana kwenye mkeka. Ilipofika katikati ya Januari shimo likabaki upana wa ukucha. Jumatatu iliyopita lilikuwa limefunga.

Nitakwambia yote, sitaki uniite mwongo. Tuliokuwa kwenye utafiti si wote tuliopona. Kuna mzee wa Kaloleni, tulikuwa tunakaa benchi moja, donda lake limepungua nusu likasimama, na anaendelea kutibiwa. Huwa namwombea. Na mimi daktari amenionya kwamba ngozi ni mpya na mishipa ni ileile ya zamani. Nitavaa soksi ya kubana maisha yangu yote, na kusimama kwa masufuria kumekwisha. Alilisema hilo kwa upole, akidhani nitalia.

Sikulia, nilimwuliza kama amekataza kukaa.

Ijumaa Hodo alikuwa na karamu ya mjukuu. Nikamwambia mpishi ni mimi. Wakaniletea kiti kirefu cha kinyozi wa pale kona, mguu nikauweka juu ya kreti ya soda, nikawapanga wasichana wanne mbele yangu. Mmoja akaniambia, "Mathe, si utuachie tu, tunajua kupika." Nikamwambia alete mkono, nikamwekea punje ya mchele kiganjani, nikamwambia aivunje kwa kidole anieleze imeiva kiasi gani. Akarudi kwenye sufuria lake. Nimegundua, Kawsar, kwamba mtu aliyekaa juu anaona masufuria yote kwa mara moja, na sauti inafika mbali zaidi. Miaka yote nilikuwa nasimama bure! Wali ulitoka punje kwa punje. Hodo alinyanyua sinia akawapitishia wageni kabla hawajakaa, wauone.

Jioni ile nikachukua ndoo kutia udhu. Kwa miaka minne mguu huu nimekuwa nikiupangusa tu juu ya bendeji, ndiyo ruhusa yetu wagonjwa, na mtu unaizoea. Nikafika mguu wa kulia nikaosha. Nikafika wa kushoto, mkono ukaenda kupangusa wenyewe, halafu nikakumbuka. Nikainua kopo nikamimina. Maji yakapita juu ya kifundo, baridi, yakaingia katikati ya vidole. Nimeketi pale uani nikamimina tena na tena, namaliza ndoo nzima, namshukuru Mola na tumbo langu, mpaka Hodo akachungulia juu ya ukuta akauliza kama bomba limepasuka.

Nikaswali. Nikavaa soksi yangu, nikajifunga buibui, nikaenda kwa miguu yangu miwili mpaka kwa Bi Falis. Sikukuuliza. Tarehe ya harusi kwetu inatolewa na shangazi, tangu enzi za mama zetu, na wewe umekaa nayo mwaka mzima kama yako. Nimewaambia Jumamosi ya pili baada ya Idi. Wamekubali, kiti cha kinyozi nimekwisha kukikodi, na wewe omba likizo kesho asubuhi.

Shangazi yako,
Shamis